Chupa Kwenye Mwanga

Nilizaliwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikakua nikianika usipa na kulima mihogo. Nilisoma uuguzi, kisha nikakaa wodini miaka 34. Hayo yatosha. Mwezi uliopita tulimzika mzee wetu, mfamasia aliyenifunza kazi, nami sina budi kulisema lile tulilobishania na wakubwa wetu hadi nikastaafu: dawa ya sumu ya nyoka.

Dawa hiyo ni kingamwili za farasi. Farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha hutolewa damu. Lakini katika maji ya damu hiyo kingamwili zimechanganyika na protini nyingine tele, hasa albumini, na zisipoondolewa, zote huingia mshipani mwa mgonjwa. Mzee aliinua kila chupa dirishani. Yenye ukungu au vijiuzi haikutoka famasi. "Protini zimeshikamana," alikuwa akisema, "mwili hautazivumilia." Hata chupa angavu hakuiamini sana, maana albumini haionekani kwa macho.

Usiku mmoja wa masika aliletwa mtoto wa miaka 12, ameumwa na kifutu. Dripu ilikuwa imeanza dakika kumi tu, akatoka vipele, midomo ikafura, pumzi ikabana. Nilifunga dripu, nikamchoma adrenalini pajani. Alipona. Asubuhi nikapewa barua ya kujieleza: kwa nini sikumpima kwanza kwenye ngozi?

Nilijibu wakati ule, na leo narudia. Kipimo cha ngozi hutafuta mzio wa mtu aliyekwisha kukutana na protini za farasi. Mtoto yule hakuwahi. Madhara mengi ya mapema huletwa na protini zenyewe, wingi wake na kushikamana kwake. Kipimo hakiyatabiri, nacho hula dakika ambazo sumu inazitumia. Shirika la Afya Duniani limekikataa. Sri Lanka, katika utafiti wa wagonjwa 1,007 uliochapishwa 2011, adrenalini kidogo chini ya ngozi kabla ya dawa ilipunguza madhara makali; haidrokotisoni na promethazini hazikufua dafu. Na bado nawakuta wauguzi vijana wakichora duara mkononi mwa mgonjwa na kusubiri! Wanangu, acheni.

Kuhusu kuziondoa protini hizo, Mzee alipenda kusimulia kazi ya Costa Rica, katika Taasisi ya Clodomiro Picado. Mwaka 1994 watu wa huko walieleza jinsi ya kutia asidi ya kapriliki katika maji ya damu ya farasi: protini zisizotakiwa huganda na kuchujwa, kingamwili hubaki ndani ya maji. Njia ya zamani ya chumvi ya amonia huzigandisha kingamwili zenyewe, nazo huweza kushikamana. Asidi hiyo imo katika mafuta ya nazi, na jambo hilo lilimfurahisha kila alipolitaja.

Baada ya mazishi nilipita famasi. Makasha yameziba dirisha. Nikamwomba kijana aliyepo ayashushe. Akayashusha, tukaanza kuinua chupa, moja moja.