Ukoka wa Upanga

Miaka ya 1980 barabara za Dar es Salaam zilikuwa na mashimo ya kuvunja springi, maji yalikatika siku nenda siku rudi, na sina nia ya kuupamba mji ule kuliko ulivyokuwa. Lakini kando ya mitaa ya Upanga palikuwa na ukoka. Ulianzia kwenye ukingo wa zege ukafika hadi kwenye michongoma ya nyumba, kijani wakati wa masika, kahawia wakati wa kiangazi, na juu yake ilisimama mikungu na miarobaini. Sisi watoto wa wapangaji wa Msajili wa Majumba, shirika la serikali lililopangisha nyumba, tuliokota kungu pale, tukazipasua kwa jiwe tupate kiini. Wazee walitoa viti jioni. Mwenda kwa miguu hakulazimika kushuka barabarani.

Mitaro ilichimbwa hata zamani hizo. Bomba likipasuka, au waya wa simu ukiingia maji, walikuja mafundi wawili watatu na sululu zao. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye kofia ya kiua, alianza kwa kuukata ukoka vipande vya mraba kwa beleshi, akavipanga chini ya mkungu na kuvifunika kwa gunia bichi. Udongo mweusi wa juu aliuweka upande wa nyumba. Mchanga mweupe wa chini akaurusha upande wa barabara. Wakati wa kufukia, mchanga ulirudi kwanza, kidogo kidogo, kila tabaka likimwagiwa maji na kushindiliwa kwa chuma kizito chenye mpini. Ukafuata udongo mweusi, na juu kabisa ukoka wenyewe, ambao sisi watoto tuliitwa kuukanyaga. Mvua zikishanyesha, mgeni asingejua kama palichimbwa.

Baadaye mahitaji yaliongezeka. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, wa EASSy ukafuata mwaka 2010, na mawasiliano hayo hayakuweza kubaki ufukweni, yalipaswa kufikishwa maofisini na majumbani. Wakati huohuo nyumba za chini za Upanga zilivunjwa, yakapanda maghorofa, na ghorofa zima halitoshelezwi na bomba lililowekewa familia moja. Kila aliyechimba alikuwa na sababu. Maji tunayataka, intaneti tunaitaka. Kinachoniuma ni kwamba kila mmoja aliondoka kana kwamba hakuna aliyekuwa akiishi hapo kabla yake.

Safari iliyopita walipokuja kubadilisha bomba nilisimama karibu nao. Udongo wote, mweusi na mweupe, umerundikwa pamoja, na ukoka umezikwa humo. Walipofukia walijaza mtaro kwa mkupuo mmoja, wakaacha tuta juu. Mchanga uliochimbuliwa huwa na hewa nyingi ndani yake. Usiposhindiliwa kwa tabaka nyembamba, za kama sentimita 15, maji ya mvua ndiyo yatakayoushindilia, na tuta la Februari litakuwa shimo la Mei. Vitofali vya njia ya miguu vilirudishwa juu ya mchanga huohuo, vingine vimevunjika. Mizizi ya mkungu iliyokutwa njiani ilikatwa kwa panga. Mizizi mingi ya kulisha mti iko katika sentimita 60 za juu, palepale mtaro unapopita, na mti uliokatwa mizizi upande mmoja hauna wa kuushika upepo ukivuma.

"Shikamoo, mzee," kijana mmoja aliniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mbona mchanga mweupe mnaurudisha juu? Hapo hapaoti kitu."

"Mzee, sisi tunalipwa kwa mita ya kuchimba. Kufukia ni kumalizia tu."

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alisema kweli. Yule fundi wa utotoni mwangu hakuwa na moyo mwema kuliko kijana huyu. Alilipwa mshahara wa siku, na siku yake haikwisha mpaka ukoka urudi mahali pake. Huyu amewekewa bei ya kuharibu, ya kutengeneza haikuandikwa popote.

Uingereza jambo hili wamelifunga kwa sheria ya mwaka 1991 na kanuni zake. Aliyechimba barabara, njia ya miguu au ukingo wa majani anawajibika kwa ubora wa kufukia kwake kwa miaka miwili, na mitatu kama shimo lina kina cha zaidi ya mita moja na nusu. Pakididimia ndani ya muda huo, anarudi kwa gharama yake. Natamani kila kibali cha kuchimba mitaani kwetu kiwe na sharti kama hilo, na sehemu ya fedha za mkandarasi ishikiliwe hadi masika mawili yapite. Kwa mchanga wetu, mvua ndiyo mkaguzi.

Kwa sasa, wanafunzi wanaokwenda shule asubuhi wanatembea juu ya lami, wakipishana na bodaboda, maana ukingo ni mchanga na vitofali vilivyopinduka. Majirani tumeleta ukoka kwa magunia na kuupanda mbele ya nyumba chache, juu ya udongo mweusi tulioununua. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ameandika katika daftari lake tarehe mtaro ulipofukiwa, na masika yakiisha tutakwenda naye na tepu kupima umedidimia kiasi gani, kisha tumpelekee mkandarasi vipimo hivyo kwa barua.