Chumvi na sato

Binti yangu yuko kidato cha pili hapa Musoma. Juzi, baada ya Isha, nilimkuta akikariri kwa Kiingereza maana ya osmosisi, macho ameyafumba, kama nilivyokariri matini za nahwu chuoni. Nikamwomba anieleze. Akanyamaza. Nikamkaripia nikidhani ni uvivu. Mwenyezi Mungu anisamehe.

Mama yake alikuwa akimtia chumvi sato wa kukausha. Nikauliza, "Mbona samaki anatoa maji?" Binti akasogea, akatazama. "Baba, nje chumvi ni nyingi, inayavuta maji ya ndani."

Kumbe analijua jambo lenyewe. Ila kwa lugha hiyo, katika mtihani wa kidato cha nne, jibu lake halipati alama.

Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili kuanzia 1985. Halikutekelezwa, na Rais alikuwa Mwalimu wetu wa Butiama, aliyemtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili! Kule Baghdad, karne ya 9, Hunayn bin Ishaq, naye Mkristo, alitafsiri vitabu vya tiba vya Galen kwa Kiarabu. Ar-Razi akavisoma, akathubutu kumkosoa Galen. Aliyekariri tu angemkosoa kwa lipi?

"Na tukitumia sukari badala ya chumvi?" binti akauliza. Mama yake akakataa kumpoteza sato, basi tukachonga kiazi, tukakijaza sukari, tukakiacha juu ya sahani. Kabla ya Alfajiri alikuwa ameshaamka, ananiita jikoni.