Manono: Resori za kupakia na resori za kubeba mgonjwa

Kwa siku tatu, wapita njia wa Manono waliona Land Cruiser moja imesimama chini ya mwembe bila mapine ya nyuma, imekalia magogo. Watu walidhani gari limekufa. Kumbe dereva wake alikuwa anatoa resori ambazo yeye mwenyewe aliziweka mwaka uliopita, na ambazo aliwalipa watu ili wamsaidie kuziweka.

Gari lenyewe ni la yaya yake, mfanyabiashara wa Kalemie. Ni pikapu ya aina ile ambayo kila mtu wa Tanganyika anaijua, HZJ79, inayopakia magunia chini na watu juu ya magunia. Treni ya SNCC inatoka Kalemie, inapita Nyunzu na kuelekea Kabalo, haifiki Manono. Kwa hiyo chumvi, sabuni, nguo, dawa na samaki wa ziwa vinakuja kwa barabara, na mwenye gari moja nzima ni mtu wa maana katika mji huu. Yaya ndiye aliyelipa gari. Mdogo wake ndiye anayeliendesha, analala chini yake likiharibika, na kusikia matusi ya wasafiri.

Mwaka uliopita malamu mawili ya nyuma yalivunjika njiani. Lamu ni kile chuma bapa kilichopinda kama upinde. Vinapangwa kadhaa, kirefu juu na vifupi chini, vinafungwa pamoja na kuwa resori moja. Dereva alifika Manono akiwa amefunga palipovunjika kwa kamba za mpira. Yaya alipopata habari kwa simu, amri yake ilikuwa fupi: usiweke malamu dhaifu tena, weka ya kamiyo. Yakatafutwa malamu ya Fuso, yakakatwa urefu, yakaingizwa, mawili kila upande. Gari likainuka nyuma kama jogoo. Safari iliyofuata kutoka Kalemie lilibeba magunia mengi kuliko siku zote, wala halikulala. Yaya alifurahi. Dereva naye alifurahi, maana ni kweli kwamba gari lililojaa lilitembea vizuri.

Shida ilikuwa gari likiwa tupu.

Kutoka Manono kwenda Kiambi, kule kwenye mto Luvua, njia wakati wa kiangazi inakuwa kama bati la nyumba: mawimbi madogo madogo, moja baada ya lingine. Gari tupu lenye malamu ya kamiyo halikanyagi njia hiyo, linairukia. Mapine ya nyuma yanakaa hewani nusu ya wakati, na kwenye kona sehemu ya nyuma inateleza pembeni kama mtu anayecheza ngoma. Dereva alizoea. Alijifunza kushika usukani kwa nguvu na kukata kona pole pole. Mtu huzoea mambo mengi ambayo hakupaswa kuyazoea.

Siku moja akiwa Kiambi, muuguzi alimwomba abebe mama mmoja mwenye mimba aliyekuwa anatoka damu, apelekwe hospitali kuu ya Manono. Gari lilikuwa limeshusha mizigo yote. Wakamlaza mama nyuma juu ya godoro, mama mkwe wake akashika kichwa, muuguzi akashika chupa ya maji ya dawa. Dereva alijaribu kwenda pole. Kwenye njia ya mabati, kwenda pole kunapiga zaidi. Kwenda mbio kunatisha. Mama mkwe akagonga bati la kabini.

“Mutoto wangu, hii motoka yako inamupiga. Inamupiga kama fimbo.”

“Mama, ni njia.”

“Njia tuliipita na kinga, haikutupiga hivi.”

Mama yule alifika akiwa hai na yuko hai mpaka leo. Mtoto hakuishi. Muuguzi alimwambia dereva waziwazi kwamba damu ilianza kabla ya gari, kwamba asijibebeshe mzigo usio wake. Ni maneno ya haki, na hakuna mtu wa familia ile aliyemlaumu. Lakini tangu siku hiyo, kila alipoenda na gari tupu alikuwa anasikia lile neno, fimbo, katika kila wimbi la njia.

Akaenda kwa mzee mmoja fundi, aliyejifunza kazi akiwa kijana katika garaji ya Zaïretain, wakati bati la Manono lilikuwa bado linachimbwa na kampuni yenye karakana na ving'ora vya asubuhi. Mzee hakuinama kuangalia resori. Alimuuliza kwanza swali: “Kwa mwezi moja, ni siku ngapi iko na mizigo yote, na ni siku ngapi iko bure?”

Dereva alikuwa na daftari la safari. Walihesabu pamoja. Siku za mzigo kamili zilikuwa zile za kutoka Kalemie tu. Kurudi, gari mara nyingi lilikuwa na watu wachache na vifurushi. Na siku zote za kuzunguka Manono, Kiambi na vijiji vya karibu, lilikuwa karibu tupu. Siku za utupu zilizidi za mzigo. Yaya hakuwa anajua hilo, si kwa ubaya: yeye analiona gari likipakia Kalemie, akilipungia mkono. Hajawahi kuliona likiwa na mama mmoja juu ya godoro.

Ndipo mzee akaeleza kazi ya resori, na maelezo yake yanafaa kuandikwa kwa sababu madereva wengi wa hapa wanachanganya mambo mawili. Resori inabeba uzito na kukubali kushuka pine linapopanda jiwe. Amortisa haibebi kitu. Kazi yake ni kuizuia resori isiendelee kuruka baada ya jiwe kupita. Gari likirukaruka mara tatu nne baada ya shimo moja, kosa ni la amortisa. Likipiga mara moja, kavu, mpaka meno yanagongana, kosa ni la resori ngumu, au la hewa nyingi katika mapine. Mtu anayeongeza malamu ili kutibu amortisa iliyokufa anatibu mguu kwa kufunga mkono.

Na ugumu wa resori hauongezeki kama watu wanavyofikiri. Mwingereza Robert Hooke aliandika mwaka 1678 kwamba resori inapinda kwa kadiri ya uzito inaowekewa: ukiongeza uzito mara mbili, inashuka mara mbili. Hilo ni rahisi. Lisilo rahisi ni unene wa chuma. Lamu la milimita 10, likiwa na upana na urefu sawa na la milimita 8, ni gumu karibu mara mbili, maana unene unajizidisha mara tatu. Kwa resori za kuzunguka, zile za mbele, ni kali zaidi: waya wa milimita 16 badala ya 14, mzunguko ukiwa uleule na idadi ya duara ileile, unaongeza ugumu kwa kama asilimia 70. Macho yanaona milimita mbili tu. Mgongo wa msafiri unaona jambo lingine kabisa.

Mzee alichukua fito mbili za mwanzi, nyembamba na nene, akazikalisha juu ya matofali, akamwambia dereva akanyage moja moja. Nyembamba ilishuka na kurudi. Nene haikushuka, ilimrudishia mguu. “Hii nene ni Fuso,” alisema. “Fuso ilitengenezewa uzito wa Fuso. Kama hauna ule uzito, yeye anakuona wewe ni mudogo.”

Kuna wanaoagiza resori mpya kabisa. Zipo kama Old Man Emu za Australia, ambazo zinauzwa kwa kufuata uzito ambao gari linabeba kila siku, na mnunuzi anapaswa kusema ukweli juu ya uzito huo, si ndoto yake. Zinaweza kutoka Lubumbashi, au Dar es Salaam kwa njia ya Kigoma na kuvuka ziwa mpaka Kalemie. Lakini bei yake pamoja na njia ni kubwa kuliko mfuko wa dereva, na pesa ya gari iko mikononi mwa yaya.

Basi mzee alitengeneza kwa vilivyopo. Walipata malamu ya Land Cruiser kuukuu, ya asili, membamba. Akayapanga mengi zaidi ya yale ya kiwandani, yote membamba, ili yapinde pamoja kwa ulaini gari likiwa tupu. Chini kabisa akaweka lamu moja nene lililonyooka, ambalo haligusani na wenzake mpaka gari lishuke kwa mzigo. Gari tupu halijui kwamba lamu hilo lipo. Magunia yakipanda, linaanza kazi. Malamu yaliyokuwa yamelala aliyarudishia upinde kwa nyundo, yakiwa baridi. Kijana mmoja alileta moto wa kusudea ili kazi iende haraka, mzee akamfukuza. Chuma cha resori kikichomwa na kuachwa kipoe hovyo kinapoteza roho yake. Kitapinda vizuri leo na kuvunjika porini wiki ijayo.

Mbele hawakufanya mengi. Tangu mwaka 1999 magari haya yana resori za kuzunguka mbele, si malamu. Zilikuwa na vipande vya mpira vilivyoshindiliwa katikati ya duara, ujanja wa mtu wa kabla. Duara lililozibwa halifanyi kazi, kwa hiyo zilizobaki zinabeba kazi ya zote. Vikatolewa. Amortisa ndizo zilizomla pesa: nne mpya, kwa deni. Mzee alimfundisha namna ya kuzipima njiani. Baada ya mwendo mrefu kwenye mabati, simama, zigusie mkono kwa uangalifu. Zinapaswa kuwa na moto. Ile iliyo baridi kati ya wenzake ndiyo iliyokufa, haifanyi kazi.

Jambo moja lilimshtua dereva kuliko yote. Nyuma, juu ya ekseli, kuna fimbo ndogo ya chuma inayokwenda kwenye freni. Inasoma jinsi sehemu ya nyuma ilivyoshuka: ikishuka sana, inajua kuna mzigo, inayapa mapine ya nyuma freni zaidi. Malamu ya Fuso yalipoinua gari, fimbo ile ilidhani gari ni tupu siku zote. Kwa hiyo mwaka mzima, na magunia yote yale na watu juu yake, freni za nyuma zilikuwa zinafanya kazi kidogo kuliko ilivyotakiwa. Hakuna aliyeirekebisha, kwa sababu hakuna aliyejua ipo. Madereva wenye magari yaliyoinuliwa Manono ni wengi, wainame waiangalie.

Simu kwa yaya ilipigwa usiku.

“Yaya, nilitosha ile malamu ya Fuso.”

“Ulitosha? Na mizigo itabebwa na nani?”

“Itabeba tani moja, yaya, vile ilitengenezwa. Ile ingine haikubebwa na resori. Shasi ndiyo ilikuwa inabeba. Uliza pesa ya kusude shasi mara mbili.”

Kimya kirefu, mpaka dereva akaangalia kama vitengo vimekwisha. Kisha yaya akasema kwamba atakuja mwenyewe kuona, na kwamba deni la amortisa ni la aliyelichukua. Dereva hakumwambia habari ya mama wa Kiambi. Alisema baadaye kwamba hakutaka ionekane kama anatumia msiba kushinda maneno ya pesa.

Yaya alikuja kweli, kutoka Kalemie, katika kabini la gari lake mwenyewe, na tani moja nyuma. Njiani alihesabu magunia ambayo yaliachwa, akayataja bei moja moja. Lakini baada ya Nyunzu alilala usingizi, jambo ambalo mdogo wake hakuwahi kuliona kwa mtu yeyote katika gari hilo. Walipofika Manono walilala chini ya gari wote wawili kukaza bridi, zile zinazokumbatia malamu na ekseli, maana bridi mpya zinalegea baada ya safari ya kwanza na lazima zikazwe tena. Yaya alishika funguo. Juu ya deni hajasema kitu bado.

Malamu ya Fuso yalikaa siku kadhaa chini ya mwembe. Mhunzi mmoja aliyanunua, manne yote, anayakata kuwa majembe. Pesa yake ilitosha kulipa bridi, na ikabaki kidogo ya sabuni.