Foshan, mji ambao mwalimu huitwa baba

KUTOKA Guangzhou kwenda Foshan, kusini mwa China, ni mwendo wa treni ya chini ya ardhi tu. Wageni wengi hushuka kituo cha Zumiao, penye hekalu la kale lililojengwa upya mwaka 1372. Ndani ya ua wake kuna ukumbi wa kumbukumbu wa Ip Man, yule mzee aliyemfundisha Bruce Lee mtindo wa Wing Chun.

Ukitaka kujua mtindo huo ulitoka wapi, utasimuliwa habari za mtawa wa kike, Ng Mui, aliyenusurika hekalu la Shaolin lilipochomwa moto. Alimfundisha Yim Wing-chun, binti wa muuza tofu, ili ajikinge na mbabe aliyetaka kumwoa kwa nguvu. Ni hadithi tamu, ila wanahistoria hawajapata ushahidi wake. Wapo wanaotazama jimbo jirani la Fujian, kwenye wilaya ya Yongchun, nyumbani kwa mtindo wa Korongo Mweupe. Kwa Kikantoni, jina la wilaya hiyo na jina la mtindo hutofautiana kwa toni tu.

Njia inayoonekana kwa macho inaanzia kwenye jukwaa la opera lililomo humo humo hekaluni. Waigizaji wa Kikantoni walisafiri mitoni kwa mashua nyekundu, na nasaba ya Wing Chun inawataja wawili kati yao, Wong Wah-bo na Leung Yee-tai. Fimbo ndefu ya mtindo huu inasemekana ilikuwa upondo wa mashua. Mwaka 1854 mwigizaji Li Wenmao aliongoza wenzake kuasi dhidi ya utawala wa Qing, na serikali ikalipiza kwa kuiteketeza nyumba ya chama chao hapo Foshan. Opera ikapigwa marufuku.

Ujuzi ukaangukia kwa Leung Jan, tabibu wa mitishamba. Hilo lisishangaze, maana mitaa hiyo aliyejua kutegua kiungo ndiye aliyejua kukirudisha. Wong Fei-hung, gwiji wa mtindo wa Hung Gar, naye alikuwa na duka la dawa. Kutoka kwa Leung Jan ulikwenda kwa Chan Wah-shun, mbadilisha fedha, kisha kwa Ip Man, aliyezaliwa mwaka 1893.

Katika shule hizi mwalimu huitwa sifu, na neno hilo huandikwa kwa alama ya baba. Mwanafunzi aliyekutangulia ni kaka yako, hata kama umemzidi miaka 20. Mwalimu wa mwalimu wako ni babu. Ndiyo maana ugomvi wa nani alirithi nini huwa mkali kama wa mirathi.

Lakini baba huyu wa wengi aliwakosa wanawe mwenyewe. Ip Man alihamia Hong Kong mwishoni mwa mwaka 1949, wakomunisti waliposhika nchi. Mpaka ukafungwa. Mwaka 1950 alianza kufundisha kwenye chama cha wafanyakazi wa migahawa, huku mkewe, Cheung Wing-sing, akiwa Foshan. Mama huyo alifariki mwaka 1960.

Miaka miwili baadaye watoto wao, Ip Chun na Ip Ching, walifanikiwa kuvuka. Mkubwa alikaribia miaka 40, na wanafunzi wa baba yao walikuwa tayari walimu wenye shule zao. Kwa hesabu ya damu wao ndio warithi, ila kwa hesabu ya sifu walikuwa wadogo wa kundi zima. Wakaanza masomo.

Mwaka 1972, wiki chache kabla hajafariki, Ip Man alikubali kupigwa filamu nyumbani. Anaonekana mzee aliyekonda, akilipiga polepole gogo la mazoezi lenye mikono mitatu na mguu mmoja. Kamera ililetwa ili kumbukumbu ibaki.