Mhadhara wa Adhuhuri

Chuo Kikuu cha Wisconsin, katika mji wa Madison, Marekani, kilianzisha masomo ya Afrika mwaka 1961. Nilikaa huko mwaka mmoja nikisaidia kufundisha Kiswahili. Kila Jumatano, saa sita mchana, tulikusanyika kusikiliza mhadhara juu ya siasa, utamaduni au maisha ya Waafrika. Aliyetaka alikuja na chakula chake, akala huku akisikiliza.

Siku moja mhadhiri alieleza jinsi wazee wa makabila kadhaa ya Kenya wanavyohesabu miaka kwa majina ya marika. Mwanafunzi mmoja akanigeukia, akauliza, "Mwalimu, rika la babu yako liliitwaje?"

Tonge lilinikwama kooni. Tarehe za vita vya dunia nilizijua zote, lakini jina hilo sikulijua.

Katika chuo kile kile alifundisha Jan Vansina, aliyeonyesha kuwa masimulizi ya wazee, yakipimwa kwa uangalifu, ni ushahidi wa historia. Nami shahidi wangu nilikuwa nimemwacha nyumbani bila ya kumwuliza neno.

Babu alifariki kabla sijarudi. Nyanya ndiye aliyenitajia jina la rika lile, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mbona hukumwuliza mwenyewe alipokuwa hai?" Sikuwa na jibu.

Vijana, mwacha asili ni mtumwa. Likizo ijayo kaeni karibu na wazee wenu, mkaulize na kuandika. Mhadhara huo hauna nauli.