Mkoba wa Mpambaji

Mpambaji wa nyumba afanyaye kazi katika Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu hujulikana kwa mkoba wake kabla ya kujulikana kwa jina. Si mkoba wa fahari. Ni wa turubali nene au wa ukili, na uwekwapo barazani hutoa mlio wa chuma. Mna futikamba, timazi, pimamaji, penseli, daftari la miraba, tochi, vipande vya vitambaa vilivyotungwa uzini, kitabu cha rangi kilichotoka dukani, na msumari mmoja wa inchi nne ambao asiyejua hudhani umesahauliwa humo. Viatu huachwa mlangoni, na simu, pamoja na picha zake zote, huja nyuma ya vyote hivi.

Kitokacho kwanza ni futikamba. Jina lenyewe ni suluhu ya watu wawili: futi ya Mwingereza imefungwa katika kamba ya fundi, na juu yake siku hizi husomwa sentimita. Kabla yake vipimo vilikuwa mwilini: wanda, shibiri, dhiraa, pima. Dhiraa, tangu kiwiko hata ncha ya kidole cha kati, ni kiasi cha sentimita 45. Shibiri ni nusu yake. Na pima, mikono yote miwili ikinyooshwa, ni dhiraa 4. Nyumba iliyojengwa kwa vipimo hivyo haikukosa usawa, ila usawa wake ni wa viungo vya mtu. Ndiyo sababu mpambaji apimapo sebule ya kale hupima ncha zote mbili na katikati, akapata majibu matatu. Wa shule mpya hukasirika na kuanza kutafuta kosa. Aliyezoea huandika yote matatu, kisha humwambia seremala achonge kabati kwa lile lililo dogo.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo futikamba hulirudia nyumba baada ya nyumba: upana. Chumba chaweza kuwa kirefu kadiri ya mali ya mwenyewe, lakini upana wake hauvuki sana mita 3, na mara nyingi huishia mbili na nusu au zaidi kidogo. Aliyeamua hivyo si mjenzi, ni mkoko. Dari hubebwa na boriti, na boriti ni mti uliokatwa ufuoni, wenye urefu wake na nguvu zake. Ukiutanua kupita hapo, hulegea. Majahazi yalizichukua boriti hizo hata Oman na nchi za Ghuba, na huko nako vyumba vya kale vikawa vyembamba vivyo hivyo.

Mpenzi wa mashairi hahitaji kufafanuliwa sana hapa. Mizani 16 katika mshororo, nane kwa nane, ndiyo boriti ya shairi: mtunzi aweza kurefusha beti atakavyo, lakini upana amekwisha kupewa. Wala ulinganisho huu haukuzuliwa leo. Kwa Kiarabu bayt ni nyumba, na bayt hiyo hiyo ndiyo iliyozaa ubeti. Na misra, jina la nusu ya mstari wao, ni upande mmoja wa mlango wenye pande mbili. Fundi wa milango ya pwani, naye, husimamisha mfaa baina ya pande hizo, pale pale ambapo mshairi huweka kina cha kati.

Basi mtu ainunuapo nyumba ya Mji Mkongwe ili kuigeuza hoteli, ombi lake la kwanza huwa ni kuubomoa ukuta wa kati apate ukumbi mpana. Kuwezekana, kwawezekana, chuma kipo. Lakini ukuta ule ndio uliokuwa umeshika vichwa vya boriti za vyumba viwili, na katika mitaa hiyo nyumba zimeegemeana kama watu waliosongamana jahazini. Hapo timazi hutolewa. Kamba yake na risasi yake hazina ubishi: zikionyesha kwamba ukuta umekwisha kuinama, mpambaji mwaminifu hufunga daftari, akamwita mhandisi.

Lamu, neno mambo ya ndani lina uzito wake. Huko ndani ni jina la chumba. Mgeni hupita daka, akapita kiwanda, kisha misana, na ndipo huja ndani, ambako kuta zilichorwa kwa plasta ya chokaa na kutobolewa zidaka safu juu ya safu, za kuwekea vyombo vya kaure kutoka Uchina. Mtunzi wa Al-Inkishafi alipotaka kuonyesha jinsi ukwasi wa Pate ulivyokwisha, aliwaweka makinda ya ndege katika madaka hayo. Leo huwekwa taa ndogo za umeme. Mpambaji mwenye haya huziweka chache.

Msumari sasa. Mpambaji huchagua mahali pa siri, nyuma ya mlango au chini ya ngazi, akakwaruza. Ukitoka unga mweupe laini, ukuta ungali na chokaa yake. Msumari ukiteleza na kuacha mstari wa kijivu, ukuta umevikwa saruji. Kisha hugonga kwa kifundo cha kidole. Mlio mtupu humwambia kwamba saruji imekwisha kuachana na jiwe na sasa inajisimamia yenyewe.

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nene, zisizo na kizuizi cha maji msingini. Maji hupanda kutoka ardhini, na chokaa huyaruhusu yatoke kama pumzi. Saruji huyafunga, na rangi ya mafuta kadhalika. Yakikosa njia, hupanda juu zaidi, yakaacha unga wa chumvi njiani, hata yafike vilipochomekwa vichwa vya boriti. Boriti huoza humo ukutani, isikoonekana, na juu yake watu wanalala. Mji Mkongwe uliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Orodha haikaushi ukuta. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 na lililokuwa katika ukarabati, lilianguka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakafa.

Ugumu ni kwamba saruji hushika kwa siku moja, na mfuko wake uko kila duka. Chokaa huchomwa, huzimuliwa kwa maji, huachwa miezi ikaiva, kisha hupakwa tabaka kwa tabaka na fundi ambaye yumkini ameahidiwa kwingine. Mwenye nyumba anao wageni wa msimu, au ana wapangaji wasio na pa kuhamia. Mpambaji huandika chokaa pembeni mwa mchoro, na hesabu chini ya ukurasa hukua. Mwenye nyumba huitazama, hunyamaza, kisha huuliza kama anaweza kuonyeshwa rangi kwanza. Kitabu cha rangi kimo mkobani, chini kabisa, chini ya vitambaa. Mpambaji humwomba wangoje ukuta ukauke.