Miraba ya Mkeka

Tusemapo utamaduni wa taifa, fikira hukimbilia ngoma na mavazi. Hapa twataka kunena habari za kitu kidogo zaidi, nacho ni mraba.

Utoto wetu tuliupitia Kizota, magharibi ya mji wa Dodoma. Bibi yetu alisuka mikeka ya ukindu kivulini mwa tembe, nasi tukimshikia chane. Chane moja hupita juu ya mwenziwe, kisha chini, ikazaliwa miraba midogo midogo iliyo sawasawa. Tulipomwuliza mbona hatii ua wala ndege, alijibu, “Wajukuu zangu, mkeka haulazimiki kufanana na kitu.”

Ukubwani tulisoma habari za Agnes Martin, mchoraji aliyezaliwa Kanada mwaka 1912 na kufanya kazi Marekani. Yeye na wenzake walikusudia kuondoa katika picha kila kisicho cha lazima. Martin alichora kwa penseli na rula mistari iliyokatana juu ya kitambaa chenye upana wa futi 6 kila upande. Hapana mtu, hapana mti. Ila ukisogea karibu, waona mistari imetetema kidogo, ndipo unapoutambua mkono wa mtu. Tulimkumbuka bibi.

Mwaka 1973 Martin alitoa picha 30 za mistari zilizopigwa chapa. Mwaka huohuo iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yetu yahamie Dodoma. Basi miraba ya namna nyingine ikatufikia, yaani viwanja. Vigingi vikapigwa, na mstari mmoja ukakata katikati ya tembe la bibi. Katika ramani mstari ule ulikuwa mnyoofu na safi. Nyumba ikavunjwa. Bibi alitoka na mkeka wake kwapani, akauliza kama aliyechora vile aliwahi kulala juu ya alichokichora.

Mji hauwezi kujengwa bila vipimo, wala mraba si adui yetu. Lakini mraba wa bibi ulipimwa kwa mwili wa mtu atakayelala, na chane ikikosewa, hufumuliwa ikasukwa upya. Ukuta uliovunjwa haufumuliwi.

Kwa hiyo yatupasa sisi walimu, kabla ya kuwapa wanafunzi rula, tuwape mkeka wahesabu chane zake. Dodoma imekuwa jiji tangu mwaka 2018, na watakaoipima kesho wamo madarasani mwetu leo.